Gitaa la mtumba: tazama shingo kabla ya rangi

Katika miji yetu ya pwani wako vijana wengi wanaotamani kupiga gitaa la umeme, na ni wachache mno wawezao kununua jipya. Ndiyo maana magitaa yaliyokwisha kutumika hayakosi wateja. Mengine huja pamoja na mitumba kutoka ng'ambo, mengine huachwa na bendi za mahotelini zinapovunjika, na mengine yamepita mikononi mwa watu wengi hata anayeuza hajui yalianzia wapi. Bei yake ni nafuu, na hapo ndipo penye mtego. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga gitaa katika harusi, na nikiyatengeneza magitaa ya wenzangu barazani kwangu. Haupiti muda mrefu ila huja mtu akanitaka nifuatane naye kwenda kutazama gitaa fulani. Swali lake huwa ni moja: "Ami, hili lafaa kununuliwa?" Leo nataka kulijibu swali hilo kwa watu wote, ili hata yule asiyekuwa na mtu wa kufuatana naye aweze kujitazamia mwenyewe.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba shilingi elfu chache si hasara ya kumliza mtu. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, kwa kijana mwenye kibarua, elfu chache ni jasho la miezi. Pili, hasara kubwa si ya fedha. Mwanafunzi aliyenunua gitaa lililopinda hukaza nyuzi zikapatana, lakini anapobonyeza tu zikakosana. Yeye hajui kwamba kosa ni la mti. Hudhani kosa ni la sikio lake, au la vidole vyake, au kwamba Mungu hakumjaalia kipawa. Nimewaona vijana walioweza kuushika wimbo kwa kuusikia mara moja, wakaacha muziki kwa sababu ya gitaa bovu.

SI MGENI KWETU

Gitaa la umeme si kitu kigeni pwani. Marehemu Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulitumia. Bendi ya Them Mushrooms ilianza hapa hapa pwani mwaka 1972, na gitaa lao likasikika mbali. Ama wale wanaoshikilia kwamba ala hii haina nafasi katika muziki wa Kiarabu, wakumbuke kwamba Mohammed Abdel Wahab aliitia katika "Inta Omri", aliyomtungia sauti Umm Kulthum mwaka 1964. Na Omar Khorshid, Mmisri aliyefariki mwaka 1981, aliwapigia gitaa la umeme Umm Kulthum na Abdel Halim Hafez pia.

Najua wako masheikh wasiokubali ala za muziki ila dufu. Wana hoja zao, na sitaki kuziingilia hapa. Maneno yangu ni kwa yule aliyekwisha amua kununua, asije akadhulumiwa.

Kwanza yafaa tujue gitaa hili hufanyaje kazi. Udi una tumbo la kukuza sauti. Gitaa la umeme aghalabu ni kipande cha ubao mzito usio na uwazi wa kutosha kuvumisha sauti. Chini ya nyuzi zake kuna vinasa sauti, navyo ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika ule waya, ukapelekwa kwenye amplifaya kwenda kukuzwa. Kwa hivyo nyuzi za nailoni kama za udi hazifai hapa. Sumaku haizitambui, na vinasa hivyo havitatoa sauti yake hata ukipiga mpaka vidole vitoke damu.

Tukilijua hilo, tunajua pia kwamba gitaa lina sehemu mbili mbali mbali: mti na umeme. Ubovu wa umeme mara nyingi hutengenezwa na fundi wa redio kwa gharama ndogo. Ubovu wa mti hutengenezwa kwa taabu, na mara nyingine hautengenezeki kabisa. Hii ndiyo siri yote ya kununua gitaa la mtumba. Watu wengi hufanya kinyume: huchomeka waya, wakisikia sauti wanafurahi na kulipa.

SHINGO NDIYO MALI

Lishike gitaa kama fundi wa majahazi anavyoshika ubao. Weka jicho lako nyuma ya kichwa, utazame shingo mpaka kwenye mwili. Kingo zake mbili ziende sambamba. Ukiona ukingo mmoja unapanda na wa pili unashuka, basi shingo imejisokota. Liweke chini, umshukuru mwenyewe, uende zako.

Kupinda mbele kidogo si neno, maana nyuzi zinaivuta shingo mchana na usiku. Kipimo chake ni hiki. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze uzi huo huo kwenye freti ya mwisho. Uzi uliokazwa hivyo ni rula isiyosema uongo. Sasa tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8, kuna nafasi gani baina ya uzi na freti. Nafasi ya unene wa kadi nyembamba ni nzuri. Ukiweza kupitisha sarafu bila ya kugusa, shingo imepinda mno.

Magitaa mengi yana chuma ndani ya shingo cha kuinyoosha, na kichwa chake huonekana kwenye kichwa cha gitaa au mwisho wa shingo. Muulize mwenye kuuza kama chuma hicho chazunguka. Kikizunguka kidogo bila ya nguvu, shingo iliyopinda mbele yaweza kurudishwa. Kikiwa kimeshikwa na kutu, au pembe zake zimelika, hesabu kwamba hakipo. Usikilazimishe. Kikikatika mikononi mwako, gitaa limekwisha kuwa lako.

Kisha upitishe kidole nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Magitaa yenye kichwa kilicholala nyuma, kama yale ya mtindo wa Gibson, yakianguka huvunjika hapo. Rangi mpya mahali hapo peke yake si urembo. Penye urembo ndipo penye urimbo. Magitaa ya mtindo wa Fender, ambayo shingo yake hufungwa kwa skurubu nne, yana nafuu moja: shingo ikiharibika yaweza kufunguliwa na kutiwa nyingine, kama utaipata.

Freti nazo huliwa na nyuzi. Tazama zile tatu za kwanza, chini ya nyuzi nyembamba, kwani ndizo zinazotumika zaidi. Vijishimo vidogo ni kawaida ya chombo kilichofanya kazi. Mashimo yanayokwama kucha ni habari nyingine. Piga kila uzi katika kila freti, polepole, bila ya kuona haya hata kama mwenye kuuza anakutazama saa. Freti ikilia kama nzi ndani ya chupa, iwekee alama akilini. Freti moja au mbili zaweza kusawazishwa. Lakini kung'oa zote na kutia mpya ni kazi ya fundi hodari, na ujira wake waweza kushinda bei ya gitaa lenyewe.

Baada ya hapo ipime sauti. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hivyo uzi ukipigwa wazi, kisha ukibonyezwa kwenye freti ya 12, sauti ni ile ile ila imepanda juu, kama mume na mke wakiimba wimbo mmoja pamoja. Siku hizi programu ya bure katika simu yatosha kukuonyesha kama sauti mbili hizo zimepatana. Zisipopatana, tazama vile vipande vya chuma kwenye daraja la nyuzi. Skurubu zake zikizunguka, kosa hilo hurekebishwa kwa dakika chache. Lakini angalia: nyuzi zilizooza kwa kutu hazipatani hata kwenye gitaa zuri. Ndiyo sababu mimi siendi kutazama gitaa bila ya nyuzi mpya mfukoni.

CHUMVI YA BAHARI

Sisi watu wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui sana. Upepo wa bahari umebeba chumvi na unyevu, nao hula skurubu, daraja, springi na tundu la waya. Kutu ya juu juu hufutika. Kutu iliyofanya skurubu kuwa kitu kimoja na chuma kinachoishika ni ubovu wa kuhesabiwa fedha.

Sasa chomeka waya. Zungusha vifundo vyote. Vikikwaruza kama samaki katika mafuta ya moto, usihofu. Aghalabu ni vumbi na chumvi, na dawa ya kusafishia hutosha. Sauti ikikatika unapotikisa waya, tundu limelegea. Hilo ni jambo la fundi wa redio na risasi kidogo ya kulehemia. Ukisikia mvumo unaopungua unapogusa nyuzi kwa mkono, ujue waya wa ardhi unaotoka kwenye daraja la nyuzi umefungwa sawasawa. Mvumo ukiwa mkubwa na usibadilike hata kidogo ukigusa, yumkini waya huo umekatika. Hilo nalo ni kazi ndogo.

Kinasa sauti kisichosikika ni jambo la kuangaliwa zaidi. Ikiwa gitaa halina hata uzi mmoja, chukua bisibisi ugonge polepole juu ya sumaku zake: kinasa kizima kitatoa mshindo katika spika. Kisipotoa, huenda waya umefunguka njiani, na huenda ule waya mwembamba wa shaba umekatika ndani. Fundi mwenye mita atajua mara moja. Kinasa cha kawaida huonyesha omu elfu kadhaa. Mita isiposoma kitu, kimekufa.

Amplifaya ya mtumba ina hatari yake. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Japani hutumia 100, na Marekani 120. Soma kibao kilicho nyuma kabla ya kuchomeka, maana kifaa cha volti 100 hakingoji uulize mara ya pili. Muhimu zaidi, tazama kama plagi ina waya wa tatu, ule wa ardhi, na kama haukukatwa. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, kwa kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni. Mwenye kupiga gitaa ameshika chuma mikononi wakati wote. Hapa hakuna nafuu ya bei inayofaa kuzungumzwa.

HESABU KABLA YA MAPATANO

Nitatoa mfano. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayeshona kanzu, alikuwa ameweka akiba, na mama yake anayeuza viazi karai jioni akamtilia kilichopungua. Tulikwenda pamoja mahali penye magitaa mawili. Moja lilikuwa jekundu, linang'aa, na kichwani lina jina la kampuni mashuhuri ya Marekani. Bei yake shilingi 15,000. Jingine lilikuwa jeusi, limechubuka, nyuzi zake zote kutu, na kinasa kimoja kimya. Hilo akitaka 6,500.

"Ami, hili jekundu lanipendeza," kijana akaninong'oneza.

"Mwanangu, hatukuja kuposa," nikamwambia. "Tumekuja kupima."

Lile jina mashuhuri lilikuwa karatasi iliyobandikwa na kupakwa vanishi juu yake. Ukingo wake ulisikika kwa kucha. Nyuma ya kichwa palikuwa na rangi mpya, na nilipokisukuma kichwa polepole ukaonekana ufa mwembamba kama unywele. "Hiyo ni mikwaruzo tu, shekhe," akasema mwenye kuuza. Sikubishana naye. Nililirudisha mahali pake.

Lile jeusi shingo yake ilikuwa imenyooka kama mlingoti. Chuma cha ndani kilizunguka, freti zilikuwa na umri wa kutosha mbele yake, na baada ya kutia nyuzi zangu, sauti ya freti ya 12 ilipatana. Nikachukua kalamu. Nyuzi mpya 1,200. Kulehemu na kusafisha 500. Kile kinasa kimya sikujua kimekufa au la, kwa hivyo nilikihesabu kuwa kimekufa: kingine, 2,500. Jumla ya matengenezo ni 4,200. Ukiongeza 6,500 anazotaka mwenyewe, gitaa lile halikuwa la 6,500 bali la 10,700. Nilimwonyesha mwenye kuuza hesabu hiyo wazi wazi. Alinung'unika, akakumbusha kwamba ana watoto, nasi tukamkumbusha kwamba mnunuzi naye ana mama. Tukapatana 5,500.

Kufika kwa fundi wa redio, ikaonekana kinasa ni kizima, waya tu ndio uliofunguka. Basi kijana akapata gitaa la kazi kwa shilingi 7,200, na mama yake akarudishiwa zake. Lakini lau kinasa kingekuwa kimekufa kweli, bado asingeshtuka, kwani fedha zake zilikuwa zimekwisha hesabiwa. Kanuni ni hii: ubovu usiokuwa na hakika nao, uhesabu kuwa ubovu kamili. Ukitokea kuwa mdogo, hiyo ni faida yako.

ILA YA BIDHAA

Wengi wanaouza vitu vya mtumba husema, "Nauza kama ulivyokiona." Sisi tumefundishwa zaidi ya hapo. Anayeuza kitu chenye ila anayoijua, yampasa aidhihirishe. Na mnunuzi akigundua ila ya zamani asiyoijua wakati wa kununua, ana hiari ya kukirudisha, mradi asichelewe. Tumesikia chuoni habari ya mfanyabiashara aliyeficha nafaka mbichi chini ya ile kavu, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomkemea. Karatasi ya jina la uongo kwenye kichwa cha gitaa ni nafaka ile ile iliyoloa. Kwa hiyo uliza kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mtu wa tatu: "Je, limepata kuvunjika? Limepata kuingia maji?" Mwenye kuuza wa kweli hataudhika.

Mnunuzi naye asililaumu gitaa kwa lisiloliweza. Shingo ya udi haina freti, na kidole chaweza kutua popote. Gitaa limegawanya sauti mafungu 12 sawa sawa, na zile sauti za katikati zinazohitajika katika maqam kama Rast na Bayati hazimo katika freti zake. Mpigaji hodari huzikaribia kwa kuuvuta uzi. Hiyo si ila ya bidhaa. Ndivyo chombo kilivyo.

Ukilipata lililo zuri, litunze. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, usilitundike kwenye dirisha linaloelekea baharini, wala usiliache ndani ya gari juani. Na usihuzunike kama amplifaya bado hukuipata. Gitaa la umeme bila ya amplifaya husikika kwa mpigaji tu, na katika vichochoro vyetu vyembamba, ambako ukuta mmoja ni wa nyumba mbili, unaweza kujifunza mpaka saa sita za usiku bila ya jirani kukugongea.

Na usipolipata, rudi nyumbani na fedha zako. Magitaa ya mtumba hayaishi. Leo hii mahali fulani kuna moja baya wa sura, lenye shingo iliyonyooka, limesimama pembeni likimngoja mtu atakayelitazama kwa nyuma ya kichwa badala ya kulitazama usoni.